Motokari ya umeme: juu ya nini batri yake inachoka, na namna ya kuichaji ili idumu

Kamina ni mji wa reli. Njia ya treni inayotoka Lubumbashi iliwekewa waya za umeme mpaka hapa, na wazee wa mji wanajua vizuri mashini inayovuta mabehewa bila mazutu. Lakini treni ya umeme haibebi umeme wake. Inaunyonya kutoka kwenye waya iliyo juu. Motokari ya umeme ni kitu kingine: inabeba umeme wake yenyewe, ndani ya batri kubwa iliyolala chini ya viti. Ile batri njo moyo wa gari, na njo sehemu kubwa ya bei yake.

Siku hizi, mtu wa Kamina anayetafuta gari la mitumba kutoka Japani, lile linalopitia bandari ya Dar es Salaam, anakutana kwenye simu na picha za magari ya umeme ya bei ndogo. Gari ni safi, viti ni vizima, injini haina moshi. Swali linalofuata kwenye garaji ni lile lile: «Batri yake inachokaka?»

Jibu ni ndiyo. Kila batri inachoka. Lakini hazichoki kwa mwendo mmoja, na sehemu ya jibu iko mikononi mwa mwenye gari.

Kuchoka ni nini?

Batri ya lithiamu haifi siku moja kama balbu. Inapunguza nafasi yake ya kubeba umeme, kidogo kidogo. Gari lililokuwa linakwenda kilomita 100 kwa chaji moja, baada ya miaka fulani linakwenda 85, kiisha 75. Kwenye kioo cha dereva batri inaonyesha imejaa, asilimia 100, lakini ile mia ya leo ni ndogo kuliko mia ya zamani. Sawa vile ndoo iliyowekwa mawe chini: unaijaza mpaka ukingoni, lakini maji yaliyomo si yale ya mwanzo.

Ndani ya batri kuna seli nyingi, na kila seli ina pande mbili. Upande mmoja ni grafiti, ni aina ya kaboni. Upande wa pili ni mchanganyiko wa madini: nikeli, manganezi na kobalti kwa batri za aina moja, chuma na fosfati kwa batri za aina nyingine. Lithiamu inasafiri katikati ya pande hizo. Ukichaji, inakwenda upande wa grafiti. Ukiendesha, inarudi.

Ufikirie treni inayobeba abiria kutoka Kamina kwenda Lubumbashi na kuwarudisha. Kila safari, mmoja au wawili wanabaki njiani na hawarudi tena. Treni bado inatembea, lakini abiria wanapungua. Ndani ya seli, lithiamu inayobaki njiani inanaswa kwenye utando mwembamba unaoota juu ya grafiti. Utando huo unahitajika, kwa sababu bila wenyewe seli ingejiharibu upesi. Shida ni kwamba haukomi kuota, na kila ukiongezeka unakula lithiamu nyingine.

Mambo matatu yanauharakisha: joto, batri kukaa imejaa kabisa kwa muda mrefu, na umri wenyewe. Njo maana gari lililokaa miaka 10 kwenye uwanja bila kutembea linaweza pia kuwa na batri iliyochoka. Kilomita chache kwenye saa ya gari si ushahidi kwamba batri ni nzima.

Somo la Arizona

Gari la umeme linaloonekana zaidi kwenye soko la mitumba la Japani ni Nissan Leaf. Lilianza kuuzwa Japani na Marekani mwezi wa 12 mwaka 2010, likiwa na batri ya kilowati-saa 24. Kilowati-saa ni kipimo kile kile cha mita ya SNEL.

Watengenezaji wengine waliweka mfumo wa maji ya kupoza batri, sawa vile radiatere inavyopoza injini. Batri ya Leaf haikuwekewa mfumo huo, inategemea hewa tu. Mwaka 2012, wenye magari hayo katika jimbo la Arizona, sehemu ya jangwa na joto kali huko Marekani, walianza kulalamika kwamba umbali unapungua upesi. Wenzao wa sehemu za baridi, wenye gari lile lile, hawakuona hasara kama hiyo. Kampuni iliongeza dhamana ya batri: ikishuka chini ya kiwango fulani kabla ya miaka 5 au kilomita karibu 96,000, inatengenezwa au inabadilishwa.

Baadaye kampuni ya Canada inayoitwa Geotab ilichunguza magari ya umeme zaidi ya 6,000 yaliyo barabarani. Kwa wastani, batri zilikuwa zinapoteza asilimia 2.3 kwa mwaka. Lakini Leaf ya mwaka 2015 ilikuwa inapoteza asilimia 4.2 kwa mwaka, na Tesla Model S ya mwaka ule ule, ambayo batri yake inapozwa kwa maji, asilimia 2.3. Kwa miaka 10, tofauti hiyo ni kubwa: moja imepoteza kama robo ya nguvu yake, nyingine imepita theluthi.

Kamina si Arizona. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,000 toka usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 watu wanatafuta blanketi. Lakini jua la mwezi wa 9 na wa 10, kabla mvua haijashika, linaingia kwenye gari lililosimama uwanjani tangu asubuhi. Mti wa mwembe hapo si mapambo. Ni dawa ya batri.

Hesabu ya gari la bei ndogo

Hapa njo mahali mnunuzi anaweza kupoteza franga zake.

Huko Japani, Leaf ya kwanza ilitangazwa kwamba inakwenda kilomita 200 kwa chaji moja. Huko Marekani, gari lile lile lilipimwa na serikali likapata kilomita 117 tu. Gari halikubadilika. Kipimo cha Japani wakati ule kilifanywa kwa mwendo wa polepole na laini, cha Marekani kilikaribia zaidi barabara ya kweli. Kwa hiyo muuzaji akisema «kilomita 200», huenda hasemi uongo, lakini anasoma karatasi ya gari jipya, ya Japani, ya zamani.

Kwenye dashibodi ya Leaf, upande wa kuume wa kipimo cha chaji, kuna vistari vidogo 12 vinavyoonyesha afya ya batri. Havifanani na vistari vya chaji: hata ukichaji usiku kucha, haviongezeki. Kwa Leaf za mwanzo, kistari cha kwanza kinaanguka batri ikiwa imepoteza karibu asilimia 15. Kila kinachofuata ni kama asilimia 6 zaidi. Gari lenye vistari 8 limekwisha kupoteza karibu theluthi moja.

Piga hesabu. Kilomita 117, toa theluthi: inabaki kama 78. Kiisha weka watu watano, magunia nyuma, barabara ya udongo inayokamata matairi baada ya mvua. Umbali unashuka tena. Na dereva mwenye akili hafiki sifuri, anaacha akiba. Kwa hiyo gari lililotangazwa kilomita 200 linaweza kuwa, hapa, gari la kilomita 50 au 60.

Je, ni gari baya? Inategemea kazi. Kwa kwenda sokoni, kupeleka watoto shuleni, kwenda ofisini na kurudi, kilomita 50 kwa siku ni nyingi mjini Kamina. Kwa safari ya Lubumbashi, karibu kilomita 600 kwa njia ya reli, halifai hata kidogo. Tatizo si gari, tatizo ni kununua gari la mji ukifikiri umenunua gari la safari.

Namna ya kuichaji

Kuna desturi moja ya zamani ambayo wengi bado wanaishika: «Iache iishe kabisa, kiisha uijaze kabisa.» Hiyo ilikuwa shauri nzuri kwa batri za nikeli na kadmiamu, zile za vifaa vya zamani, zilizokuwa na tabia ya «kukumbuka» chaji fupi. Kwa lithiamu, shauri hilo linaharibu.

Lithiamu inapenda kukaa katikati. Kwa batri yenye nikeli na kobalti, watengenezaji wengi wanashauri matumizi ya kila siku yabaki kati ya asilimia 20 na 80. Ujaze mpaka 100 kama kesho asubuhi una safari ndefu, na safari ianze mara tu baada ya kujaa. Kinachoumiza si kufika 100, ni kukaa 100, siku tatu, kwenye jua.

Batri ya chuma na fosfati haina kobalti wala nikeli, na inavumilia zaidi. Inakubali mizunguko mingi ya kuchaji, na watengenezaji wengine wanashauri kuijaza mpaka 100 mara kwa mara, kwa sababu kompyuta ya gari inashindwa kujua vizuri kiwango chake ikibaki katikati siku zote. Kabla ya kufuata shauri lolote la mtaani, mwenye gari ajue kwanza batri yake ni ya aina gani. Kitabu cha gari kinasema.

Kuhusu chaji ya haraka, ile ya stesheni inayojaza sehemu kubwa ya batri kwa chini ya saa moja: inaleta joto. Mara moja kwa safari si neno. Kila siku, tena katika nchi ya joto, batri inalipa. Chaji ya polepole, usiku, kwa umeme wa kawaida wa volti 220, njo chakula kizuri. Haraka haraka haina baraka, hata kwa lithiamu.

Na kama gari litalala muda mrefu bila kazi, mwenyewe akisafiri miezi miwili, liachwe likiwa karibu nusu, kivulini. Si tupu, si shiba.

Lakini umeme wenyewe uko wapi?

Mashauri hayo ya asilimia 80 yaliandikwa kwa watu ambao umeme wao haukatiki. Mtu wa Kamina anayeishi na delestaji anafikiri namna nyingine: umeme ukirudi, ujaze kila kitu, kwa sababu haujulikani utarudi lini. Na hana kosa. Gari lenye asilimia 100 na batri inayochoka kidogo ni bora kuliko gari lenye asilimia 30 wakati mgonjwa anatakiwa kufika hospitali.

Kwa hiyo kanuni inayofaa hapa ni fupi: ukijaza kabisa, tumia mapema. Usiache gari likae limeshiba kwenye jua wiki nzima juu ya hofu tu.

Umeme unaopanda na kushuka nao ni adui, ingawa hauchoshi batri moja kwa moja. Unapiga kifaa cha kuchajia, na kifaa hicho ni ghali na hakipatikani kwenye duka la karibu. Waya nyembamba, prizi iliyolegea, muda mrefu wa kuchaji: hapo moto unaweza kuanza. Gari linavuta umeme mwingi kwa saa nyingi, si kama simu. Fundi wa umeme aweke laini yake peke yake, waya nene na disjonkitere yake.

Na jua je? Hesabu inawezekana. Pano nne za wati 300 zinatoa kilowati 1.2 jua likiwa kali. Kwa saa 5 za jua zuri ni kilowati-saa 6. Toa hasara ya njiani, inabaki kama 5. Kwa Leaf ya kwanza, hiyo ni kilomita kama 25 kwa siku. Ni kidogo kwa anayetaka gari la biashara, lakini inatosha kwa anayezunguka mjini. Tena ni chaji ya polepole, ile inayopendwa na batri. Shida ni kwamba gari lazima liwe nyumbani mchana, wakati jua liko, na mwenyewe ana kazi mchana.

Simu na batri za nyumbani

Wengi wa Kamina hawana motokari ya umeme, lakini karibu kila nyumba ina batri ya lithiamu: ya simu. Kanuni ni zile zile. Simu inayochajiwa ndani ya kofia yake nzito, juu ya mto, huku inaonyesha video, inapata joto na kuchoka upesi. Simu inayochajiwa kwenye kibanda kilichofunikwa na bati la moto inateseka vilevile.

Lakini tahadhari: batri ya asidi na risasi, ile ya gari la kawaida ambayo watu wengi wanaifunga kwenye pano za jua, ina tabia ya kinyume. Yenyewe inapenda kukaa imejaa. Ukiiacha tupu siku nyingi, chumvi inagandamana kwenye sahani zake na nguvu hairudi tena. Kwa hiyo usichukue shauri la lithiamu ukalipeleka kwa asidi, wala la asidi ukalipeleka kwa lithiamu. Batri mbili za namna hiyo hazifungwi pamoja kwenye mfumo mmoja, na kifaa cha kuongozea chaji lazima kiwe cha aina yake.

Wengine wamefanya nini?

Mjini Kigali, kampuni ya Ampersand iliingiza motopikipiki za umeme kwa madereva wa taksi kuanzia mwaka 2019. Dereva hachaji nyumbani. Anaingia stesheni, anatoa batri iliyoisha, anapewa iliyojaa, anaondoka baada ya dakika chache. Batri ni mali ya kampuni. Ikichoka, hasara ni ya kampuni, si ya dereva, na kampuni ina sababu zote za kuichaji vizuri.

Mjini Nairobi, BasiGo, iliyoanza mwaka 2022 na mabasi ya umeme, ilichukua njia ya jirani: mwenye basi analipa kwa kilomita, na malipo hayo yanahusu batri na chaji.

Fundisho la miji hiyo miwili ni kwamba swali la «batri itachoka lini?» linageuka kuwa «nani atabeba hasara ikichoka?». Anayenunua gari la mitumba peke yake, bila dhamana, anaibeba mwenyewe.

Madini yetu, batri za wengine

Congo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, nyingi ikitoka Lualaba, jirani yetu. Manono, katika Tanganyika, kuna lithiamu. Kobalti iliingia kwenye batri kwa kazi ya John Goodenough na wenzake huko Oxford mwaka 1980. Mwaka 2019 yeye, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa tuzo ya Nobel ya kemia juu ya batri za lithiamu.

Sasa batri za chuma na fosfati, zisizo na kobalti, zinaenea kwa kuwa ni za bei nafuu na zinadumu. Kwa mnunuzi wa Kamina, hiyo ni habari nzuri. Kwa mchimbaji wa Kolwezi, ni habari ya kufikiria. Mwaka 2022 kituo cha Afrika cha utafiti wa batri kilifunguliwa kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ili vijana wajifunze kutengeneza vifaa vya batri na si kuchimba tu.

Kabla ya kutoa franga

Anayefikiria kununua gari la umeme la mitumba aulize mambo haya, na asikubali jibu la «iko muzuri tu»:

– Gari ni la mwaka gani, na batri yake ni ya kilowati-saa ngapi?
– Muuzaji atume picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa, vistari vya afya vikionekana. Kwa Leaf, kuna programu ya simu inayoitwa LeafSpy ambayo, pamoja na kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, inaonyesha asilimia ya afya ya batri.
– Je, kebo yake ya kuchajia ipo, na inakubali volti 220? Japani umeme wa nyumbani ni volti 100 au 200, na plagi zake si kama za hapa.
– Gari litafanya kilomita ngapi kwa siku? Mnunuzi achukue umbali wa kweli wa leo, si wa tangazo, na aupunguze robo kwa ajili ya barabara na mzigo.
– Nani atalitengeneza?

Hilo la mwisho si dogo. Batri ya Leaf ina volti karibu 360. Umeme huo unaua. Fundi aliyezoea batri ya volti 12 asifungue sanduku hilo kwa bisibisi ya kawaida, hata kama gari limezimwa. Na batri iliyotobolewa au kupondwa inaweza kuwaka moto ambao ndoo moja ya maji haiuzimi.

Batri iliyochoka kwa gari haijafa kwa kila kazi. Ikibaki na asilimia 60 au 70, bado inaweza kutunza umeme wa jua kwa nyumba au zahanati, ambako hakuna anayehesabu kilomita. Huko Japani, Nissan na Sumitomo walianzisha kampuni kwa kazi hiyo tangu mwaka 2010. Inahitaji fundi aliyesomea, si majaribio ya uani.

Mwenye gari la umeme hawezi kuzuia batri yake isizeeke. Anaweza kuchagua kivuli, kuchaji polepole, na kutoiacha imeshiba wala imelala njaa. Na mnunuzi anaweza kufanya hesabu kabla gari halijapanda meli, kwa sababu likisha kufika Kamina, hakuna wa kulirudisha.